Damu ya Aliyepona: Safari ya Dawa ya Ebola Kutoka Kikwit Hadi Beni

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia Ebola. Wengi wenu mliotoka Kivu ya Kaskazini mnaijua kwa uchungu. Swali letu ni moja: dawa ya Ebola ilitoka wapi? Wapo wanaosema ililetwa na wageni tu. Ukweli ni kwamba moja ya dawa hizo ilianzia katika damu ya Mkongo.

Turudi mwaka 1976, kijijini Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire. Watu wanakufa kwa homa isiyojulikana. Kutoka Kinshasa anatumwa daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe. Anachukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, maana hakuna anayejua ni ugonjwa gani. Baadaye virusi hivyo vilipewa jina la mto Ebola. Waliugua watu 318, wakafa 280.

Muyembe aliendelea kujiuliza kuhusu wale wachache waliopona. Mwili wao ulifanya nini?

Msikilizaji, virusi vikiingia mwilini, kinga ya mwili hutengeneza askari wadogo sana waitwao kingamwili. Kila kingamwili hulingana na adui wake kama ufunguo na kufuli. Ikivishika virusi, haviwezi tena kuingia kwenye chembe za mwili. Shida ni muda. Ebola huenda mbio, na wengi hufa kabla askari hao hawajatosha. Lakini aliyepona hubaki nao katika damu.

(Muziki mfupi.)

Mwaka 1995 Ebola ililipuka Kikwit, kusini-magharibi mwa nchi. Muyembe na wenzake wakachukua damu ya watu waliopona, wakawaongezea wagonjwa 8. Wagonjwa 7 walipona.

Wataalamu wengi wa nje hawakuridhika. Walisema wagonjwa 8 ni wachache, na mlipuko ulikuwa ukielekea mwisho, watu wakihudumiwa vizuri zaidi. Huenda wangepona hata bila damu ile. Swali lao lilikuwa la haki, lakini jibu lilichelewa miaka mingi.

Mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko ule, mtu aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu yake kwa uchunguzi. Mwili wake ulikuwa bado unakumbuka. Watafiti wa Kongo, Marekani na Uswisi walitafuta humo kingamwili yenye nguvu zaidi, wakaiita mAb114. Walipowapa nyani walioambukizwa Ebola, hata siku ya tano baada ya kuambukizwa, nyani hao waliokoka.

Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko ulitangazwa Kivu ya Kaskazini. Novemba mwaka huo jaribio kubwa la dawa nne lilianza. Lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita na hofu. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Hata hivyo wagonjwa 681 walijiunga, na kila mmoja alipangiwa dawa kwa kura, ili pasiwe na upendeleo.

Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimeonekana bora: mAb114 na nyingine iitwayo REGN-EB3, nayo pia ya kingamwili. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa mojawapo ya hizo, walikufa kama 35. Kwa dawa nyingine mbili, walikufa kama 50 au zaidi. Na wale waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, wakapewa dawa hizo bora, walikufa kama 10 tu katika 100.

Hapo ndipo pa kutilia maanani, msikilizaji. Kila siku mgonjwa aliyofichwa nyumbani ilipunguza nafasi yake ya kupona. Mlipuko ule ulipokwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Waliopona hawakutoa damu tu. Beni na Butembo walilea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliweza kuwakumbatia kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Na bado wengi wao, waliporudi nyumbani, majirani waliwakimbia.

Tuongeze jambo moja. Dawa hizi ni za Ebola ya aina ya Zaire. Ebola ya aina ya Sudan, iliyotokea Uganda mwaka 2022, haitibiki kwa dawa hizi. Lakini hata kwa aina hiyo, anayefika mapema hupewa maji na matunzo yanayomsaidia kuokoka, na familia yake huepushwa na maambukizi.

Basi ukiona homa kali, kutapika au kutokwa damu, usimguse mgonjwa. Mwite mhudumu wa afya wa eneo lako siku hiyo hiyo. Na akirudi jirani aliyepona, mpokee.

Hadi kipindi kijacho, tuwaombee wagonjwa wetu. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)