Maghorofa ya Ufukweni na Njia ya Misafara

Mwaka 2016 ujenzi wa mji mpya wa Dege, huko Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, ulisimama. Mradi huo ulikuwa wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa ubia na kampuni binafsi, na shabaha yake ilikuwa nyumba zaidi ya 7,000, nyingi zikiwa katika maghorofa ya karibu na bahari. Mwezi Aprili mwaka huohuo daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilikuwa limefunguliwa. Daraja likawapo, watu wa kulivuka wakawapo, lakini maghorofa yakabaki maboma: hakuna pazia dirishani, hakuna moshi wa jikoni.

Wapo waliosema kwamba jambo hili ni geni katika nchi yetu. Si geni hata kidogo. Lilikwisha kutokea zaidi ya miaka mia moja iliyopita katika upande wa pili wa nchi, mahali ambapo njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora ilikomea kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Leo napenda tuifuate njia hiyo.

Tuanzie Tabora, maana ndipo msafara ulipopumzikia. Wakati Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya siku hizo, mwezi Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne tangu waondoke pwani. Walikuta Waarabu na Waswahili wanaishi katika matembe. Msomaji wa mjini asije akafikiri tembe ni kibanda. Ni nyumba pana ya udongo, paa lake la miti na udongo limelazwa bapa, kuta nene, na katikati kuna ua wa kuwekea mizigo na kulaza wapagazi. Mlango mmoja mzito wa mbao ukifungwa, pembe za ndovu zimo ndani, na mara nyingi watumwa pia wamo ndani. Hilo la mwisho halifai kupitwa kimya tunapoisifu njia hii.

Tembe halikupanda juu kwa sababu hakuna aliyelihitaji juu. Nyumba ilijengwa kwa kipimo cha biashara iliyokuwapo. Mizigo ikiongezeka, chumba kingine kiliongezwa uani. Na mizigo hiyo ilibebwa mabegani na Wanyamwezi, ambao ndio hasa waliokuwa reli ya karne ile. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya kwenda Ujiji, Stanley alilazimika kuzunguka mbali kusini ili amfikie Livingstone. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tembe walimokaa wawili hao mwaka 1872 limehifadhiwa kama makumbusho. Mtaa wa wafanyabiashara uliolizunguka haupo tena.

Sasa tushuke ziwani. Ujiji ulikuwa mji kamili kabla ya mkoloni kuja: soko, mitumbwi ya kwenda Kongo na Burundi, shanga za kununulia samaki na chumvi, Wajiji, Wamanyema, Waswahili na Waarabu. Burton na Speke waliingia humo Februari 1858. Kasoro yake moja ilikuwa ufuko. Maji yake ni ya kina kifupi, na pwani imekaa wazi mbele ya upepo. Kwa mtumbwi hilo si neno. Kwa meli ya chuma ni neno kubwa.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikafika ziwani. Lakini haikufika Ujiji. Wahandisi waliichagua ghuba ya Kigoma, kilomita chache tu kaskazini-magharibi, kwa kuwa ina kina na imekingwa na vilima. Hapo ndipo palipojengwa stesheni kubwa yenye matao, jengo la ghorofa lililoliangalia ziwa kama bwana shamba anavyoangalia vibarua. Pakajengwa pia jumba ambalo wenyeji husimulia kuwa lilitayarishwa kwa ajili ya Kaiser mwenyewe, endapo angekuja kuitembelea milki yake. Meli iliyoitwa Graf von Götzen ililetwa kwa vipande kutoka Papenburg, ikaunganishwa palepale Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915.

Kaiser hakuja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza tangu 1914, na Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao kwa mikono yao na kuondoka. Wabelgiji wakaingia Kigoma, na Septemba mwaka huohuo wakaiteka Tabora. Miaka miwili tu tangu treni ya kwanza, majengo yote yale yalikuwa yamekwisha kubadili mwenyewe. Meli iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaolaumu jengo. Stesheni ya Kigoma haikufa pamoja na aliyeijenga. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya shehena za Kongo na Ruanda-Urundi, na shehena zilipopita, makarani, makuli na mama wauza chakula walifuata. Mji ulipatikana kwa sababu njia ilipatikana. Aliyeumia ni Ujiji. Haukubomolewa na mtu, ulirukwa tu. Mfanyabiashara wa Ujiji aliamka siku moja akakuta bei za bidhaa zinapangwa mahali pengine. Leo miji hiyo miwili ni manispaa moja, na jina la kwanza ni la Kigoma.

Nimeileta habari hii kwa sababu Kigamboni nako kulikuwa na watu kabla ya ramani. Mwaka 2008, serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya, wakazi walizuiwa kuuza ardhi na kujenga wakati mipango ikiandaliwa. Mwenye chumba kimoja akitaka kuongeza cha pili, kama wenye matembe wa Tabora walivyofanya, alitakiwa angoje. Maghorofa yakapewa nafasi, chumba cha pili kikanyimwa.

Na jambo lenyewe linarudi magharibi. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Kwa mara ya pili reli inaelekezwa kwenye ziwa lilelile, na kwa mara ya pili viwanja vya ufukweni vitatafutwa na wenye fedha kutoka mbali. Wanaokaa Ujiji, Kibirizi na Katonga wangependa kujua mapema stesheni itakuwa wapi, bohari zitakuwa wapi, na kama hati za viwanja vyao zitatolewa kabla ya wapimaji wa reli kumaliza kazi au baada yake. Mwaka 1914 babu zao hawakuulizwa.