KKK: Kusoma Huanza na Sauti ya Herufi

Stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zinazojulikana kwa kifupi kama KKK, ndizo msingi wa masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili nchini Tanzania tangu mtaala wa madarasa hayo ulipoboreshwa mwaka 2015. Sehemu kubwa ya vipindi ilielekezwa kwenye stadi hizo, badala ya kumlundikia mtoto masomo mengi kabla hajajua kusoma.

Katika kusoma, mwalimu huanza na sauti ya herufi, si jina lake. Mwanafunzi huoneshwa herufi m na kutamka sauti yake midomo ikiwa imefumbwa. Baada ya kuzifahamu irabu tano, huunganisha sauti kuwa silabi, na silabi kuwa neno: ma na ma, mama. Kiswahili hurahisisha kazi hiyo kwa kuwa irabu zake hazibadiliki sauti. Ugumu hujitokeza kwenye ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, hasa kwa mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani.

Mtoto aliyekariri ukurasa mzima kwa kuusikia ukisomwa huweza kudhaniwa kuwa anasoma. Kipimo rahisi, ambacho hata mzazi anaweza kukitumia, ni kumwandikia neno lisilo na maana, kama vile "bulo". Anayejua kusoma atalitamka, aliyekariri atakwama. Tatizo hilo lisipobainika mapema, mwanafunzi huingia Darasa la Tatu, ambako masomo huongezeka na kila kitabu humchukulia kuwa tayari anajua kusoma.