Filamu Haina Haraka: Safari ya SSD Hadi Seva ya Nyumbani

Septemba 1956, kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyobuniwa katika maabara yake ya San Jose, California, na kikosi kilichoongozwa na Reynold Johnson. Mashine hiyo, RAMAC, ilikuja na kabati la kuhifadhia data lililoitwa IBM 350. Ndani ya kabati mlikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zimepangwa kwenye mhimili mmoja na kuzungushwa mara 1,200 kwa dakika. Sahani zote kwa pamoja zilitunza herufi milioni 5. Mteja alikodi mfumo mzima kwa dola 3,200 kwa mwezi.

Tuutazame mkono wa kabati hilo, maana ndiko habari yetu inakoanzia. Data ikihitajika, mkono ulijitoa nje ya sahani, ukapanda au kushuka hadi usawa wa sahani inayotakiwa, ukaingia tena na kusimama juu ya mstari husika. Hapo ukangoja sahani izunguke mpaka herufi zinazotafutwa zipite. Safari hiyo ilichukua kwa wastani zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kwa makarani waliozoea kuchambua kadi zilizotobolewa, au kuzungusha utepe wa sumaku tangu mwanzo ili kupata jina moja lililo mwishoni, ilikuwa nafuu kubwa.

Diski zote za kuzunguka zilizofuata zilirithi mambo hayo mawili: mkono lazima usafiri, na sahani lazima izunguke. Mwaka 1980 kampuni ya Shugart Technology, iliyokuja kujulikana kama Seagate, ilitoa diski ya megabaiti 5 iliyoweza kukaa ndani ya kompyuta ya mezani. Mwaka 2007 Hitachi ikaleta diski ya terabaiti 1. Kutoka RAMAC hadi hapo nafasi ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara laki mbili. Muda wa kuifikia data haukwenda na mwendo huo. Diski nzuri inayozunguka mara 7,200 kwa dakika bado hutumia kama milisekunde 12 kufika inapotakiwa: takriban 8 za mkono kusafiri, na 4 na ushee za kungoja nusu mzunguko. Hiyo ni nafuu ya mara 50 tu. Diski ikaweza kubeba maktaba nzima, lakini ukiitawanyia maombi huku na huko inahudumia yapatayo 100 tu kwa sekunde.

Wakati wahandisi wa diski wakihangaika na mikono na mhimili, wengine walikuwa wanatafuta namna ya kutunza data bila kitu chochote kusogea. Mwaka 1967, katika maabara za Bell nchini Marekani, Dawon Kahng na Simon Sze walieleza transista yenye lango lililozungukwa na kihami pande zote. Elektroni zikisukumwa ndani ya lango hilo hunaswa, na hubaki humo hata umeme ukizimwa. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alitumia wazo la aina hiyo kutengeneza chipu ya EPROM. Kero yake ilikuwa kufuta: chipu ilibidi imulikwe kwa mwanga wa urujuanimno, kupitia kidirisha kilichokuwa mgongoni mwake, kwa dakika kadhaa.

Miongoni mwa walioiondoa kero hiyo ni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani. Mwaka 1984, katika mkutano wa wahandisi mjini San Francisco, aliwasilisha kumbukumbu ya flashi, ambayo seli zake nyingi hufutwa kwa mpigo mmoja wa umeme. Mwaka 1987 akaja na muundo wa NAND, ambamo seli hufungwa kwa mfululizo, hivyo nyingi zaidi hutoshea katika kipande kilekile cha silikoni. Masuoka aliondoka Toshiba mwaka 1994 kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Tohoku. Mwaka 2004 aliishtaki kampuni yake ya zamani akidai fungu lake la uvumbuzi, na mwaka 2006 walipatana kwa yen milioni 87. Kufikia wakati huo NAND ilikuwa ndani ya kamera, simu na flashi zinazoning'inia kwenye funguo za watu.

Katika NAND hakuna mkono wala mzunguko. Anwani ya data huitwa kwa umeme, na jibu hurudi ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde. Ina udhaifu wake, hata hivyo. Data huandikwa ukurasa kwa ukurasa lakini hufutwa bloku nzima kwa pamoja, na kila kufuta huchakaza seli kidogo. Ndiyo maana kila SSD, yaani diski iliyoundwa kwa chipu za flashi, ina chipu msimamizi inayogawa maandishi sawasawa, ili eneo moja lisichoke kabla ya mengine.

Bei ndiyo iliyoichelewesha SSD. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo leo ni SanDisk, iliiuzia IBM diski za flashi za megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000 kila moja. Mwaka 2008 Intel ilitoa X25-M ya gigabaiti 80 kwa dola 595. Bado ilikuwa ghali, lakini sasa mtu wa kawaida aliweza kuitamani.

Kisanduku cha kutunzia data mtandaoni, yaani NAS, kilikua kwenye njia nyingine kabisa. Mwaka 1984 Sun Microsystems ilitoa NFS, utaratibu wa kompyuta moja kutumia faili zilizo katika kompyuta nyingine. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba diski nyingi za bei rahisi zikifungwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya ghali. Wazo hilo, RAID, liliingia ofisini kwanza. Kampuni kama Synology, iliyoanzishwa Taiwan mwaka 2000, na QNAP zililishusha hadi sebuleni: kisanduku chenye diski mbili au nne, hakina skrini, kinakaa karibu na ruta na kuwaka usiku na mchana.

Watu wakakijaza filamu, na filamu zikadai mpangaji. Mwaka 2002 wapenzi wa kompyuta waliifungua mashine ya michezo ya Xbox na kuiandikia programu ya kuchezea video, ambayo baadaye ilikua ikawa XBMC na hatimaye Kodi. Kutoka kwenye mzizi huo lilichipuka tawi la kompyuta za Mac, nalo mwaka 2008 likaitwa Plex. Desemba 2018, waendelezaji wa Emby, programu nyingine ya aina hiyo, walipoacha kuutoa wazi msimbo wa programu yao, kundi la wachangiaji lilichukua toleo la wazi la mwisho na kuanzisha Jellyfin.

Programu hizi hufanya kazi mbili ambazo mtazamaji huziona kama moja. Ya kwanza ni kupeleka filamu kwenye televisheni. Ya pili ni kutunza orodha: majina, waigizaji, mabango, na mahali ulipoishia kutazama. Orodha hukaa ndani ya hifadhidata ya SQLite, iliyoandikwa na Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa akifanya kazi ya programu ya manowari ya Marekani. Kando yake hujaa mabango na vipicha vya matukio, faili ndogondogo ambazo katika maktaba kubwa hufika maelfu kwa maelfu.

Hapo ndipo mkono wa mwaka 1956 unapomkuta mtazamaji wa leo. Anafungua ukurasa wenye mabango 60. Tuseme kila bango linadai mkono usafiri mara tatu: kutafuta folda, kutafuta faili, kusoma faili. Hizo ni safari 180, na kwa milisekunde 12 kila moja, zaidi ya sekunde 2 zimekwisha kabla hajachagua chochote. Akisogeza ukurasa, hesabu inaanza upya. Wakati huohuo programu inaandika kwenye hifadhidata na kupitia folda kuona kama kuna filamu mpya, na diski inasikika ikikwaruza. Kwa SSD, safari zilezile 180 humalizika ndani ya milisekunde 20 hivi.

Filamu yenyewe haina haraka hiyo. Diski ya Blu-ray ya 4K hutoa data kwa kiwango kisichozidi megabiti 128 kwa sekunde, yaani megabaiti 16. Diski ya kuzunguka, ikisoma faili moja ndefu kwa mfululizo, huvuka megabaiti 150 kwa sekunde bila shida, kwa sababu mkono hauna sababu ya kurukaruka.

Watengenezaji wa NAS walilifikia wazo la kuihamishia orodha kwenye SSD hatua kwa hatua. Mwaka 2017 Synology ilitoa DS918+, yenye nafasi mbili za SSD ndogo za aina ya NVMe chini ya kisanduku, lakini kwa kazi ya akiba ya muda tu: kuweka nakala za vipande vinavyosomwa mara kwa mara. Akiba husaidia, ila hubahatisha, na ukurasa usiofunguliwa siku nyingi hurudi kwenye diski. Mwaka 2023 toleo la 7.2 la mfumo wake liliruhusu, kwa baadhi ya visanduku na kwa diski za Synology yenyewe, kuzifanya NVMe hizo makazi kamili ya programu. Mwaka huohuo Asustor ikauza Flashstor, kisanduku cha NVMe 6 au 12 kisicho na diski hata moja ya kuzunguka. Ni kimya na chepesi, lakini kwa bei ya SSD kwa kila terabaiti, kukijaza filamu ni anasa.

Kwa nyumba ya kawaida, SSD ndogo inatosha. Weka humo programu, hifadhidata na mabango. Filamu ziache kwenye diski kubwa za kuzunguka, ambazo sasa zinaweza hata kulala wakati hakuna anayetazama. Kazi ya kubadili video kutoka umbo moja hadi jingine, ambayo huandika sana, ielekeze kwenye kumbukumbu ya RAM kama inatosha, SSD isichakae bure. Na kila usiku hifadhidata inakiliwe kwenye diski za kuzunguka, kwa kuwa SSD mara nyingi hufa bila kukwaruza wala kutoa onyo.