Doti Kabla ya Kanga

Sanduku la bi harusi likifunguliwa, kitu cha kwanza shangazi wanahesabu doti. Doti tano, doti kumi, hii nzito, hii nyepesi. Basi leo nataka tulifuate neno hilo mpaka Tabora, maana huko doti ilikuwa pesa.

Richard Burton, Mwingereza, alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani. Alipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman. Watu wa Oman na wa pwani yetu walikuwa wamekaa kule, wengine miaka mingi, wakitafuta pembe za ndovu. Walikuwa wageni: nchi ya Wanyamwezi, mtemi si wao, bei si zao. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alioa kabisa kwa mtemi Fundikira, akamchukua binti yake Karunde. Mgeni mwenye wakwe hapatani bei kama mgeni mtupu!

Chakula, kodi ya njia na mshahara wa wapagazi vililipwa kwa nguo na shanga. Nguo kubwa ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, ndipo jina lilipotoka. Kaniki ya buluu ilitoka Bara Hindi. Mikono minne, kutoka kisukusuku mpaka ncha ya kidole cha kati, ni shuka moja, kama yadi 2. Shuka mbili ni doti.

Mimi fundi nguo, hapo nacheka. Mikono ya nani? Mimi na mwenzangu tunaokaa cherehani moja tunapishana vidole vitatu. Zidisha kwa mikono minane uone doti imekula kiasi gani. Mteja wangu wa Lusu, kule Nzega, kaskazini ya Tabora, mpaka leo hatumi hela kabla sijamwambia urefu kwa mita, na simlaumu. Surat Al-Mutaffifin inatutosha sisi wauzaji.

Na msidhani mtu wa bara alipokea chochote. Shanga za rangi iliyopitwa na wakati zilirudishwa, hata msafara uwe umezibeba miezi minne kichwani. Vita vya Marekani vya 1861 mpaka 1865 vilipofanya merikani iadimike, Waingereza wakaleta ya kuiga.

Ukitoka Tabora kuelekea ziwani unafika Ujiji, kwenye soko la wazi la kila siku. Huko nguo yako haikununua samaki moja kwa moja. Walitaka sofi, shanga zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Cameron, aliyepita 1874, aliwaona wanaume wenye mifuko ya sofi: soko likianza wanakubadilishia shanga zako, likimalizika wanazinunua tena kwa wauzaji. Faida asubuhi, faida jioni. Wale ndio waliojua biashara pale, kuliko aliyeuza na aliyenunua.

Lakini doti haikununua mtama na kuku tu. Ilinunua na watu, na wanawake wengi walishushwa pwani kwa njia hiyohiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. Mwanamke mtumwa alijulikana kwa merikani na kaniki aliyojifunga. Kanga za rangi zilikuwa zimeshaanza kuvaliwa mjini, na walipopata uhuru wengi wao waliiacha kaniki, wakaenda dukani wenyewe, wakachagua maua waliyoyapenda, wakapatana bei, wakanunua kwa doti.