Kola Iliyogeuzwa



Ukipita leo katika soko la Kilombero hapa Arusha, au siku ya gulio pale Tengeru, utamkuta fundi cherehani amekaa kando ya wauza mitumba. Suruali iliyoshonwa Ulaya kwa mtu mwenye kitambi anaipunguza kiuno, anaikata miguu, na kabla mwenyewe hajamaliza soda yake kazi imekwisha. Vijana hudhani ufundi huo uliletwa na mitumba. La hasha. Ufundi ulitangulia, tena ulizaliwa katika dhiki.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1967, katika mji huu huu, TANU ilipitisha Azimio la Arusha, na neno kujitegemea likaingia katika kila hotuba. Lilimaanisha mashamba, viwanda na mabenki. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina, na Arusha nayo ilikuwa na Kiltex. Hakuna aliyedhani kwamba miaka kumi baadaye kujitegemea kungekuwa kugeuza kola ya shati.

Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kwa mtu wa Mtwara hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa mtu wa Arusha ilikuwa habari ya tumbo na mgongo, maana Namanga iko kilomita mia moja na kidogo tu kutoka hapa, na ndiko zilikopita bidhaa nyingi za madukani. Vikafuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vya nguo vikawa na pamba lakini havina rangi wala vipuri. Khanga na vitenge vikawa vya mgao, foleni ikaanza alfajiri mlangoni pa duka la RTC au la ushirika, na aliyefika kwenye kaunta aliweza kukuta kilichobaki ni viberiti.

Basi watu wakafanyaje? Tuanze na hiyo kola. Shati huchakaa kwanza pale kola inapokunjwa, panaposuguana na shingo. Fundi alifumua mshono wa kola kwa wembe, akaigeuza upande uliofichika ukawa juu, akaishona tena. Shati likapata uhai mwingine wa mwaka mzima. Likichakaa mgongoni, mikono ilikatwa ikawa viraka vya shati jingine. Suruali ya baba ikawa kaptula ya mtoto, na kaptula ikaishia kuwa kitambaa cha kupangusia meza.

Huku kwenye miteremko ya Meru, ambako ukungu wa Juni na Julai hauna mzaha, kazi kubwa ilikuwa masweta. Sweta kuukuu lilifumuliwa uzi wote, ukaoshwa, ukaviringwa, kisha ukafumwa upya kwa kimo cha mtoto. Sindano za dukani hazikuwapo, kwa hiyo zilitumika spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Akina mama walioweza kazi hiyo waliheshimika kama mafundi makanika.

Viatu vilikuwa katambuga. Arusha ilikuwa na bahati, kwani kiwanda cha General Tyre kilichoanza kutoa matairi mwaka 1971 kilikuwa hapa hapa, ingawa katambuga hutengenezwa kwa tairi lililokwisha kazi. Fundi alichora wayo chini, akakata kwa kisu kilicholowekwa maji ili mpira usikinge, akapitisha mikanda ya mpira wa ndani. Wamasai walikuwa wakizivaa siku zote. Sasa wakazivaa na makarani.

Nyumbani nako hakukusahauliwa. Kuta za udongo zilikandikwa na kusiribwa kwa udongo uliochanganywa na samadi. Mwenye chokaa alipaka chokaa, asiye nayo alibandika kurasa za Uhuru na Mzalendo kwa uji mzito, na wageni wakawa wanasoma ukuta wakisubiri chai. Kopo la mafuta ya kupikia likawa kibatari. Debe lililonyooshwa liliziba tundu la bati. Viti vilivyochakaa vilifunikwa vitambaa vya kufuma. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai pale sabuni ilipokosekana.

Wapo wanaozisimulia siku hizo kwa furaha, kana kwamba zilikuwa tamasha. Mimi siafikiani nao. Mama mwenye khanga moja aliifua usiku akaomba ikauke kabla ya jogoo. Hata kitambaa cha sanda kilikuwa cha kuhangaikia. Ubunifu ule ulikuwa wa kweli, lakini gharama yake ilikuwa aibu ambayo wengi hawajaisema.

Mwaka 1983 serikali iliwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli. Novemba mwaka huo mpaka ukafunguliwa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na mzee Mwinyi aliposhika madaraka mwaka 1985 mlango ukawa wazi zaidi. Hapo ndipo marobota ya mitumba yalipojaa. Maskini akavaa, na aibu ikapungua. Lakini viwanda vya umma, vilivyokwisha kudhoofika kwa mitambo mibovu na madeni, havikuhimili ushindani, na miaka ya 1990 vingi vilisimama, Kiltex ikiwamo.

Machi 2016 wakuu wa Jumuiya iliyofufuliwa walikutana Ngurdoto, chini ya mlima wetu, wakaazimia kuiondoa mitumba sokoni kwa awamu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Sisi tulikuwa tumekwisha kurudi nyuma. Katika ubishi wote ule sikusikia mtu akimtaja fundi wa Kilombero, ambaye hula kwa robota la mgeni, lakini kwa ufundi aliorithi kutoka miaka ya foleni.

Kola siku hizi hazigeuzwi tena, maana shati jingine la mtumba ni rahisi kuliko malipo ya fundi. Katambuga bado zipo, ila mafundi wanalalamika: General Tyre ilisimama mwaka 2009, na matairi ya magari ya sasa yana nyaya za chuma ndani, yanavunja kisu. Wengi wamehamia matairi ya pikipiki.