Muvi ya kukodi mtandaoni: kwa nini inagoma hata kama ulishaipakua?

Mtu analipia muvi, anaipakua kwa Wi-Fi ya kazini, siku mbili baadaye anapanda basi la usiku. Njiani mtandao unakata. Anafungua simu, muvi aliyoiacha inacheza vizuri haichezi tena. Hela imekwenda. Nani kaifuta, na simu haikuwa hata na intaneti?

Hakuna aliyeifuta. Anayekodi hanunui faili, ananunua ruhusa ya muda. Simu hupakua vitu viwili: muvi yenyewe ikiwa imefungwa kwa msimbo, na leseni ndogo yenye ufunguo wa kuifungua. Mifumo kama Widevine ya Google na FairPlay ya Apple ndiyo inayosimamia ufunguo huo. Mwisho wa muda umeandikwa ndani ya leseni, kwa hiyo simu haina haja ya kuuliza popote. Saa ikifika, mlango unafungwa hukohuko porini.

Kinachowachanganya wengi ni hesabu ya muda. Kwenye YouTube, Apple TV na Prime Video, kwa kawaida aliyekodi hupewa siku 30 za kuanza kutazama. Akishaanza tu, zinabaki saa 48, na kuisimamisha muvi hakusimamishi saa. Aliyeonja dakika mbili Ijumaa usiku ili "acheki kama inafanya kazi", Jumapili usiku hana kitu. Enzi za kukodi kanda na CD, ukichelewa ulitozwa faini lakini muvi uliimaliza. Huku hakuna faini, na hakuna kuchelewa.

Ujanja wa mtaani hausaidii sana. Faili likirushwa kwa rafiki kupitia Xender halichezi, maana ufunguo umebaki kwenye simu ya kwanza. Kurudisha tarehe nyuma? Mifumo hii ilitengenezwa ikiujua mchezo huo. Na anayefuta programu ili apate nafasi ya picha, anafuta na muvi zote zilizopakuliwa humo.

Kwa msafiri, kipimo salama ni hiki: kabla ya kutoka nyumbani, awashe hali ya ndege, afungue programu, aangalie kama muvi inaonekana kwenye orodha ya zilizopakuliwa. Aishie hapo. Asiicheze mpaka basi liondoke.