Ngozi ya Tilapia: Samaki ni Wetu, Dawa Waliona Wengine

Wasee, ile ngozi ya tilapia mnayotafuna na ugali imeshatibu watu walioungua moto. Hii si dawa ya kuokota mtandaoni. Ni historia, na inaanzia huku kwetu Afrika.

Mwaka wa 1971, Brazil ilichukua tilapia wa Nile kutoka Bouaké, Cote d'Ivoire, ikawapeleka Ceará, jimbo linalosumbuliwa na ukame, watu wapate chakula. Samaki wakazaana. Nyama ikaliwa, ngozi ikatupwa.

Halafu madaktari wa Fortaleza, mji mkuu wa Ceará, wakaanza kuiangalia ile takataka vizuri. Edmar Maciel na wenzake walikuwa wanatibu waliochomeka kwa krimu na bandeji. Shida ni kwamba bandeji lazima ibanduliwe mara kwa mara. Kama umewahi kumwagikiwa na mafuta moto, unajua hapo ndipo machozi hutoka. Ngozi ya tilapia ina kolajeni nyingi, inashika kidonda, inakitunzia unyevu na inaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa. Kufikia 2016 walikuwa wanaitumia kwa binadamu. Baada ya moto mkubwa wa California wa Desemba 2017, hata dubu wawili walifungwa nyayo kwa ngozi hiyo.

Lakini tuelewane: uking'olewa jino, usijaze pengo na ngozi ya samaki wa soko. Ile ya Fortaleza ilisafishwa kwa dawa na kupigwa mionzi kuua viini. Pengo lako linataka damu iliyoganda iachwe pale pale ilipo. Ikigoma kupona, rudi kwa daktari wa meno.

Sasa pesa. Kule Iceland, kampuni ya Kerecis ilifanya hivyo na ngozi ya chewa wa baharini. Mwaka wa 2023 Coloplast ya Denmark ikakubali kuinunua kwa hadi dola bilioni 1.3. Ngozi tu!

Watu wa Kisumu wanaijua hii stori. Viwanda vilipoanza kupeleka minofu ya mbuta Ulaya, sisi tukabaki kukaanga mgongo wazi.

Na tilapia wa Nile ako Ziwa Turkana tangu kitambo, kabla Brazil haijamjua. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nawauliza nyinyi mlio kwa maabara: hizi ngozi tunazotupa zinangoja nani?